Nafuu ya Kukwepa

Katika miaka ya 1960 mashamba makubwa ya chai ya Kericho yaliamua kupigana na mawingu. Eneo hilo, pamoja na Nandi Hills jirani, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na alasiri moja ya mawe hutosha kuyachanachana majani ambayo yangewapa wachumaji kazi kwa siku kadhaa. Basi wenye mashamba wakaleta roketi za baruti. Wingu jeusi likijikusanya, roketi zilirushwa juu kwa matumaini kwamba mlipuko ungeyavunja mawe kabla hayajadondoka. Baadaye zikaja ndege za kumwaga kemikali mawinguni. Wataalamu wa hali ya hewa walibishana kwa muda mrefu kama mbinu hizo zilifaa kitu, lakini wazo lenyewe halikumshangaza mtu. Jambo likikuumiza, liondoe. Likikunyemelea, lizuie njiani.

Sehemu kubwa ya usalama wa binadamu imejengwa juu ya wazo hilo: paa, chandarua, chanjo, breki za gari. Matata huanza pale mtu anapolielekeza ndani yake mwenyewe. Hofu, aibu, huzuni na wivu humjia kama mawingu mengine yale yale, naye huona ni haki yake kuyafukuza kwa chochote kilicho karibu: redio yenye sauti kubwa, simu, kazi isiyoisha, chupa, au ile kauli ya kila siku, "hamna shida."

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner aliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila wanapomfikiria. Kengele zililia. Cha kusisimua zaidi ni kilichofuata: waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi ya wenzao ambao hawakuwa wamekatazwa kwanza. Sababu si ngumu kuiona. Anayetaka kuhakikisha kwamba wazo fulani limeondoka hana budi kulishika mkononi ili alitafute. Wingu la angani halijali kama unalitazama. La moyoni hunenepa kwa kuchungwa.

Hata hivyo, kueleza kwamba kukwepa hisia hakufanyi kazi hakutoshi, kwa kuwa watu si wajinga, na wasingeendelea nako iwapo kusingewapa chochote. Kunawapa. Kuna nafuu ya kweli, na nafuu hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Fort Ternan ni mahali pazuri pa kuichunguzia. Kituo hicho kiko katika Kaunti ya Kericho, pale nyanda za juu zinapoteremka kuelekea mashamba ya miwa ya Muhoroni. Wanasayansi wanapajua kwa mifupa ya Kenyapithecus, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita, ambaye Louis Leakey alimpa jina mwaka 1962. Wakenya wengi wanapajua kwa jambo jingine. Alfajiri ya Oktoba 10, 2018, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Kakamega lilitoka barabarani kwenye mteremko karibu na hapo na kubingirika. Paa liling'oka. Watu zaidi ya 50 walikufa. Kabla ya miaka mitano kutimia, jioni ya Juni 30, 2023, lori liliwavamia wachuuzi na abiria katika makutano ya Londiani, katika kaunti hiyo hiyo, na kwa mara nyingine waliokufa walipita 50.

Tumfikirie mchuuzi wa kubuni, mama anayenunua ndizi upande huu wa kilima na kuziuza upande ule. Baada ya ajali ya basi hasafiri tena usiku. Huo ni uamuzi wa busara, na hakuna anayeweza kumlaumu. Kisha siku moja, matatu inapokaribia mteremko, kifua kinambana, viganja vinatoa jasho, naye anamgonga kondakta begani na kuomba ashuke. Anaposimama kando ya barabara, matatu ikiendelea bila yeye, anapumua. Ah! Moyo unatulia pale pale, ndani ya dakika moja. Hakuna dawa ya hospitali inayofanya kazi kwa kasi hiyo.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mwaka 1947 O. H. Mowrer, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, alieleza kwamba hofu hujifunzwa kwa hatua mbili: kwanza mtu anakiunganisha kitu na maumivu, halafu kila anapokikimbia, nafuu anayoipata humlipa kwa kukimbia. Nafuu ni ujira, na mwenye kulipwa atarudi kazini kesho. Mama yule wiki ijayo atashuka mapema kidogo. Mwezi ujao atamtuma mtoto wa dada yake kwenda sokoni. Baadaye ataanza kukosa mazishi ya upande wa pili wa kilima, atasingizia magoti, na wakwe wataanza kusema anajitenga. Ukimuuliza kama ana hofu, atajibu kwamba hana, na atakuwa anasema kweli: hofu haionekani kwa kuwa amepanga maisha yote yaizunguke. Athari yake kwa ustawi wa kila siku haipimwi kwa kuhesabu hisia mbaya alizonazo. Inapimwa kwa kuhesabu mahali ambapo haendi tena.

Hasara nyingine ni ya ndani zaidi. Anayekwepa hapati habari. Barabara inaweza kutengenezwa, madereva wa usiku wanaweza kubanwa, naye mwenyewe anaweza kupata nguvu ambazo hakuwa nazo mwaka ule, lakini lolote kati ya hayo halitamfikia, kwa sababu kila mara alishuka kabla ya kufika.

Kericho imewahi kuonyesha kitu cha namna hii kwa kilo. Mchumaji wa chai hulipwa kwa uzito; kikapu kinaning'inizwa kwenye mizani, karani anasoma, na kila siku ya maisha yake ya kazi inabaki kwenye daftari kama tarakimu. Watafiti walizifuatilia tarakimu hizo za wafanyakazi waliofariki au kustaafishwa kwa sababu ya ukimwi kati ya mwaka 1997 na 2002, na wakachapisha matokeo mwaka 2004. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kabla ya kuacha kazi, watu hao walichuma pungufu ya wenzao kwa takriban kilo 4 hadi 8 kila siku. Waliomba siku nyingi zaidi za ugonjwa na kuhamishiwa kazi nyepesi. Mizani ilikuwa inasema jambo ambalo nyumba nyingi za wakati ule hazikutaka kulitaja.

Lazima tuwatendee haki watu wa wakati ule. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa mbali na mfuko wa mchumaji, na mtu aliyeukimbia mlango wa chumba cha kupimia alikuwa na hoja: kujua kungemsaidia nini zaidi ya kumpotezea usingizi na kumletea unyanyapaa? Lakini katikati ya miaka ya 2000 dawa zilifika hospitali za umma, zikawa za bure, na hoja ikafa. Hofu haikufa nayo. Wapo walioendelea kuupita mlango ule ule kwa miaka mingi, wakitumia sababu iliyokwisha muda wake. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Tuongeze tu kwamba mara nyingi mfichaji alikuwa na sababu nzuri siku ya kwanza, ila hakuwahi kurudi kuikagua.

Siku hizi mlango umeingia kwenye simu. Kuna watu wazima, wenye akili zao, ambao wakiona ujumbe wa deni la Fuliza, mkopo wa simu, huufuta kabla ya kuusoma. Wachumi Niklas Karlsson, George Loewenstein na Duane Seppi walionyesha mwaka 2009 kwamba hata wawekezaji wenye pesa zao hufungua akaunti kwa nadra zaidi soko linaposhuka. Tajiri na maskini wameshika kanuni moja: ambacho sijakisoma hakijanidai.

Mtu wa Kericho anaweza kupinga hapa. Atasema kwamba wazee hawakukaa wakizungumzia hisia, na maisha yaliendelea. Mvulana wa Kipsigis alipofika siku ya kutahiriwa alitakiwa asipepese hata kope. Watu waliutazama uso wake, na aibu ya kujikunyata ingeiangukia familia nzima. Je, huko si kuzuia hisia? Na je, vijana wale hawakutoka wakiwa imara?

Pingamizi hilo ni zito kuliko linavyoonekana, nalo linasaidia kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Mvulana yule hakuwa amekwepa kitu. Alijua maumivu yanakuja, alijua siku yake, aliyaendea kwa miguu yake mwenyewe, na alikuwa na wenzake kushoto na kulia. Kulikuwa na walimu, kulikuwa na muda wa kupona, na mwisho wake kulikuwa na sherehe na hadhi mpya. Uso ulinyamaza, ila jamii yote ilijua anapitia nini. Hakuna aliyejifanya kwamba kisu hakiumi. Ujasiri wa namna hiyo ni kukaa na maumivu mbele ya mashahidi.

"Jikaze" ya leo imechukua uso ule mkavu na kuacha mengine yote. Baba aliyefiwa na mkewe anaambiwa ajikaze, bila siku ya kuanza wala ya kumaliza, bila mwalimu na bila wenzake, na baada ya wiki mbili watu wanakerwa akimtaja marehemu. Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, baadhi yao wakaagizwa wasionyeshe dalili yoyote usoni. Waliweza. Lakini walipoulizwa walihisi nini, chukizo lao halikuwa limepungua kuliko la wengine, na baadhi ya vipimo vya mwili vilionyesha msukosuko zaidi. Uso unaweza kufungwa kama duka. Ndani biashara inaendelea.

Wala jambo hili halikugunduliwa maabara. Kilomita chache kutoka Fort Ternan, huko Kipkelion, mji ulioitwa Lumbwa zamani, watawa wa Kitrapisti kutoka Uholanzi walianzisha monasteri katika miaka ya 1950. Utawa wao ni mrithi wa mapokeo ya majangwa ya Misri, na katika mapokeo hayo Evagrius wa Ponto, aliyeishi karne ya 4, alieleza kwa undani adui wa mchana: ule uchovu wa roho unaomfanya mtawa aone jua limesimama, achungulie nje kuona kama kuna mgeni anakuja, akichukie chumba chake na kazi ya mikono yake, na aamini kwa dhati kwamba mahali pengine angekuwa mtu mwema zaidi. Ni nani katika zama hizi za simu asiyemtambua mtawa huyo? Evagrius hakushauri mtu apigane na hali hiyo kwa kelele. Alishauri asitoke chumbani.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliposambaa Kipkelion, watu waliofukuzwa makwao walikimbilia kwenye monasteri hiyo, na mwisho watawa wenyewe wakahamia Uganda. Je, walivunja ushauri wa Evagrius? Hapana, na mfano wao una faida kwa hoja hii. Anayekimbia moto hakimbii hisia. Hofu imemfanyia kazi iliyoumbiwa. Kukwepa kunakozungumziwa hapa ni kukimbia pale ambapo hakuna kinachoungua isipokuwa kifua chako mwenyewe.

Kuna upande mwingine wa kutia chumvi, na wataalamu wameuangukia mara kadhaa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba manusura wa ajali wanapaswa kukalishwa mapema iwezekanavyo na kusimulia yote waliyoyaona. Tathmini za tafiti kuhusu desturi hiyo, ikiwemo iliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2002, hazikuona kwamba kikao hicho kimoja cha lazima kinazuia madhara ya baadaye, na kwa wengine kiliongeza madhara. Kwa hiyo kumlazimisha mtu ayamwage ya moyoni kabla hajawa tayari si kinyume cha kukwepa. Mara nyingine ni haraka ya msikilizaji anayetaka jambo liishe, tena ni haraka ya kujinusuru yeye mwenyewe na usumbufu wa kumwona mwenzake katika hali ile. Epikuro, mwanafalsafa wa Uyunani anayesingiziwa kwamba alihubiri anasa, alifundisha kwamba mtu mwenye busara huchagua baadhi ya maumivu pale yanapoleta utulivu mkubwa zaidi baadaye. Kuchagua kunahitaji muda, na kunahitaji aachiwe achague.

Swali gumu zaidi linabaki. Kukubali hisia si ndio kukubali mambo yalivyo? Wakenya wana sababu ya kuitilia shaka lugha ya kukubali. "Kubali yaishe" wameambiwa baada ya uchaguzi, baada ya kufukuzwa ardhini, baada ya ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa Mei 2013 na kuwekwa kabatini. Methali nayo ipo tayari kutumika: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Utafiti mmoja unagusa hasa jambo hilo. Mwaka 2018 Brett Ford na wenzake, wakitumia takwimu za Wamarekani zaidi ya 1,300 katika hatua tatu, waliona kwamba watu wenye mazoea ya kuzipokea hisia zao mbaya bila kujihukumu walikuwa na afya bora ya akili, na walipopata mikasa ya kila siku walihisi uchungu mdogo zaidi. Faida hiyo ilitokana na kuikubali hisia, wala haikutokana na kuikubali hali iliyoisababisha. Tofauti hiyo ni nyembamba kwenye karatasi na pana sana duniani. Mtu anaweza kusema, "Nina hasira, na hasira hii ipo," kisha akaenda kumshtaki aliyemdhulumu. Kinyume chake pia hutokea, tena mara nyingi zaidi: asiyeweza kuvumilia hasira yake huipoza haraka, na kwa kuipoza akajikuta amekubali dhuluma.

Kericho ina mifano mikubwa kuliko mtu mmoja. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Ni rahisi, na ni kosa, kusema kwamba wanawake hao walikwepa kwa kukaa kimya. Walikuwa wakilinda kibarua na watoto. Aliyekwepa ni mwenye cheo aliyesikia minong'ono, akahisi usumbufu fulani tumboni, na kuutuliza kwa kutouliza swali la pili. Nafuu yake ililipiwa na watu wengine. Falsafa ya ustawi inayomtazama mtu mmoja mmoja, jinsi ya kupumua na jinsi ya kutulia, huwa haina la kusema juu ya nafuu ya namna hiyo, na huo ni upungufu wake mkubwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa ukoo wa Talai, waliohamishwa kwa nguvu kutoka nchi ya Wakipsigis chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 2022 wawakilishi wa Watalai na Wakipsigis walifikisha malalamiko yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya kuanzia Oktoba 31, 2023, alieleza masikitiko makubwa juu ya maovu ya enzi za ukoloni, bila kuomba radhi rasmi. Masikitiko ni hisia inayovumilika. Hatia huja na ankara mkononi. Serikali, kama mtu binafsi, huweza kuchagua hisia nyepesi ili isikutane na nzito.

Na mara nyingine sheria yenyewe huwalazimisha watu kuficha. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hivyo familia iliyomkimbiza mgonjwa hospitalini ilikuwa na kila sababu ya kusema amekunywa dawa ya ng'ombe kwa bahati mbaya. Jopo la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Muuguzi wa zahanati ya Kipkelion sasa anaweza kuuliza swali la moja kwa moja, na mgonjwa anaweza kulijibu bila kuogopa pingu.

Nani atakaa asikilize jibu hilo ni jambo jingine, kwani madaktari wa akili ni haba na wengi wao wako Nairobi. Zimbabwe, iliyokuwa na uhaba mbaya zaidi, ilijaribu njia yake: Dkt. Dixon Chibanda aliwafundisha kina nyanya wa mitaani kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba dalili za wagonjwa hao zilipungua zaidi kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida. Vikao vyao havimwachi mtu akizunguka ndani ya huzuni yake. Nyanya husikiliza matatizo yote, kisha humwomba mgonjwa achague moja, wapange pamoja hatua ndogo ya kulikabili, na katika kikao kinachofuata amweleze ilivyokwenda.